Ridhaa ya Mama Allen

Mtaa wa Kwa Bibi Nyange,
Temeke, Dar es Salaam.
2 Februari 2025

Kwa Mwalimu Demetria, Mama Allen, mpangaji wangu na mtani wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza na ya kwenu ili usiseme Mzaramo hana adabu. Ya kwetu utaipata mwishoni.

Nimeambiwa hutaki simu, kwamba kila ikiita unaisikia ile ya siku ile. Sawa. Basi mie Hija Kibwana, baharia mstaafu, niliyemaliza darasa la saba kwa huruma za walimu wenzako, nimeshika kalamu. Nimefika Durban, nimefika Karachi, nimefika Santos kule Brazili ambako wanawake walinililia nisiondoke (walikuwa wawili tu, lakini walilia kwa nguvu), na kote huko sijawahi kumwandikia mtu barua. Mama yangu mzazi alikuwaga anapata habari zangu kwa mabaharia wenzangu wakipita. Wewe ndiye wa kwanza. Jivune kidogo.

Chumba chako kipo, sijampa mtu. Amekuja karani mmoja wa Sinza ananibembeleza, nikamwambia humo analala Mnyamwezi mkali, akitoka anakula watu. Akaondoka.

Habari za huku ni uwanja. Ile zege ya kuchezea skeiti tuliyoimwaga mie na vijana, Allen akiwa bado anavaa kaptula ya shule, watu wa manispaa wakaja kuivunja kwa katapila ili wapitishe mfereji, basi mfereji umeshapita na umefunikwa. Juu pamebaki patupu, na kila mtu anapataka. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwishehe, anataka zijengwe fremu za biashara. Diwani wetu, Mheshimiwa Talha, anataka kura, ila hajajua bado zimelala upande gani. Na sie tunataka kiwanja chetu kirudi. Kingekuwepo, Allen asingekuwa anateleza kwenye mteremko wa lami siku ile fuso la saruji linashuka. Hili nalisema mara moja, silirudii.

Mama Allen, hujanisemesha tangu mazishi kule Ndala. Najua kwa nini. Niliposhuka kaburini nikajilaza, nikasema mtoto huyu kakulia Uzaramoni, udongo wa Wanyamwezi utamwasha, namrudisha Temeke, watu walicheka mpaka padri akageuka pembeni. Wewe hukucheka. Lakini ndiyo kazi ya mtani. Babu zenu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani, sie ndio tuliowapokea, tukapeana ruhusa ya kutaniana hadi misibani. Mie nikifa, njoo ulale kwangu uwaambie watu nilikuwa mwongo. Hutakuwa umekosea sana.

Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa hadhara wa mtaa kuhusu uwanja. Nitasimama. Unanijua nikisimama.

Wasalaam aleikum, hii ndiyo ya kwetu,
Hija Kibwana, mwenye nyumba na bahari saba

*

Ndala, Tabora.
14 Februari 2025

Ndugu Hija,

Milele na Amina. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi.

Niko kwa mama. Naamka, nafagia, nakaa. Mama akisema nile, nakula. Watu wakiniuliza kama naendelea vizuri nasema ndiyo, na sisemi uongo. Hakuna kinachouma. Juzi nilijikata kidole nikimenya viazi, nikaona damu kwanza, ndipo nikajua.

Sikukukasirikia pale kaburini. Niliona mdomo wako unasogea. Sikusikia kitu. Baadaye nikaambiwa ulichekesha.

Kuhusu uwanja sina la kusema. Wakijenga sawa, wasipojenga sawa. Nina ombi moja tu: jina la mwanangu lisitajwe kwenye mkutano huo. Nilimpa jina lile liitwe nyumbani, akirudi usiku nimwite, akikosa nimwite. Si jina la kupigia kura.

Wenzake wanachezea wapi sasa? Yule binti wa Kinyakyusa, Tupokigwe, mwambie namsalimu.

Demetria

*

Temeke.
1 Machi 2025

Mwalimu wangu, Tumsifu,

Tumeshinda! Kaa kwenye kiti, kama huko Ndala mna viti, nikusimulie.

Mkutano ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa msikiti. Mzee Mwishehe akaanza: "Skeiti ni uhuni tu wa kizungu. Huo ubao wenye matairi umemlisha nani?" Tupokigwe akadakia kutoka nyuma, "Na wewe mwenyekiti hiyo suti uliyovaa ni ya Kizaramo?" Watu hoi. Mzee akasema, "Binti, mie babu yako." Binti akasema, "Shikamoo babu, jibu swali."

Halafu akasimama Bi Hamisa, yule muuza vitumbua wa kona. Huyo ndiye aliyenikata maini. Alisema taratibu tu: "Mie nimeuzia juani tangu hawa hawajazaliwa. Mvua ikinyesha nafunika unga kwa mwili wangu. Hao watoto wana miguu, mie nina goti bovu. Fremu moja tu, jamani. Kwani kucheza na kula kipi kinaanza?"

Mwalimu, mie nimebishana na polisi wa Karachi kwa Kiurdu ambacho sikijui, nikashinda. Bi Hamisa alinishinda. Nikaona mikono ya watu inaanza kwenda kwenye fremu.

Ndipo nikasimama. Nikasema mawili matatu, ya kitani tu, si unanijua. Watu wakacheka, wakalia. Mheshimiwa Talha akashika maiki akasema kuanzia leo yuko upande wa vijana. Mikono ikainuka juu kama msitu, hata Bi Hamisa akaufyata. Uwanja mpya utajengwa, na rampu, na taa!

Wakanibeba juujuu. Nilipokuwa kule juu nikaliona bati la nyumba yetu, na dirisha lako limefungwa. Sikusikia furaha wala nini. Ilikuwa kama wamembeba mtu mwingine. Nikawaambia wanishushe, mgongo.

Barua yako niliipata siku mbili kabla ya mkutano. Vijana wapo, wametulia, usiwafikirie. Tupokigwe kasema shikamoo.

Mshindi wako,
Hija

*

Ndala.
20 Machi 2025

Ndugu Hija,

Jumatatu walikuja wanaume wawili na gari, kutoka kwa diwani wenu. Walinipa barua yenye muhuri. Nimealikwa kuweka jiwe la msingi la Uwanja wa Allen. Wananishukuru kwa ridhaa niliyoitoa mbele ya wananchi.

Walileta na fulana. Ina picha yake kifuani, ile ya kitambulisho cha shule, ambayo aliambiwa asicheke. Chini yake kuna jina la diwani, limeandikwa kubwa kuliko la mwanangu. Mama ameikunja, sijui ameiweka wapi.

Niliwaambia mimi sikuwa kwenye mkutano. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, ulikuwepo. Imeandikwa."

Naomba unijibu. Nilitoa ridhaa gani, na niliitoa kwa mdomo wa nani?

Demetria

*

Temeke
30/3/2025

Shikamoo mama,

Mie Tupokigwe. Babu Hija kasoma barua yako akanipa nijibu mie, eti macho yanamsumbua. Macho hayana ishu mama, jana alikuwa anasoma gazeti la michezo kwa mbali. Anaogopa. Kakaa uani tangu asubuhi, hata redio hajawasha.

Ilikuwa hivi. Bi Hamisa alivyoongea tukajua tumekwisha. Babu akaja akanivuta khanga yangu begani, akajifunga kiunoni, akapanda kwenye benchi. Akashika kiuno kama unavyoshikaga wewe, akaweka sauti yako ya darasani: "Nyamazeni! Nani anaongea huko nyuma?" Mama, ulikuwa wewe mtupu. Watu walikufa kwa kicheko. Wote wanajua babu ni mtani wako, walimwona na siku tunaondoa mwili hapa, alivyovaa shati la Allen akatembea kama Allen.

Halafu akaacha kuchekesha ila sauti hakuiacha. Akasema, "Mimi Mama Allen, huyu nilimzaa mwenyewe, na leo nawapa. Uwanja uitwe jina lake. Asiyetaka aje aniambie mimi, machoni." Watu wakaanza kulia. Mie nililia, na nilijua ni babu na khanga ni yangu.

Diwani ametokea Kinondoni, kahamia huku juzijuzi. Sijui kama hakuelewa ni utani au alijifanya tu haelewi. Akarukia maiki: "Mama mzazi ameridhia! Kuna mtu hapa atapingana na mama aliyefiwa?" Nani angepinga? Mtendaji wa kata akaandika. Babu nilimwona kafungua mdomo aseme hapana, natania. Halafu watu wakambeba.

Mama mie sijui nisemeje. Nilifurahi siku ile. Sasa hivi nimevaa ile fulana sababu nguo nyingine nimefua, na naona aibu. Ukiniambia niivue naivua.

Wako,
Tupo

*

Ndala.
11 Aprili 2025

Hija,

Tupokigwe amenieleza. Asivue kitu, hana kosa.

Nimekaa na barua yake wiki nzima nikingoja hasira. Haikuja. Nimeona tu kwamba ombi langu lilikufikia kabla ya mkutano, umekiri mwenyewe, na ukapanda benchi.

Wewe ni mtani wangu. Unaruhusiwa kuingia jikoni kwangu ukachukua kuku. Unaruhusiwa kuniita mla watu. Uliruhusiwa kulala alipokuwa anakwenda kulala yeye. Babu zetu waliruhusiana yote hayo kwa sababu yakisemwa, kila mtu aliyepo anajua ni utani, na kesho hakuna anayeyadai. Haya yamedaiwa. Yana muhuri. Ulinitolea ndiyo ambayo mimi sijaitoa.

Nenda kwenye mkutano unaofuata. Usijifunge khanga. Usichekeshe. Simama chini, si kwenye benchi, usome haya kwa sauti yako:

"Mimi Demetria, mama wa Allen, sikukubali. Sikuulizwa. Aliyesema kwa sauti yangu ni Hija Kibwana, mtani wangu, naye hakutumwa. Jina la mwanangu liondolewe."

Hayo tu.

Demetria

*

Temeke.
4 Mei 2025

Mwalimu,

Nimesoma. Nilisimama chini kama ulivyoagiza, nikasoma neno kwa neno. Nilipofika "naye hakutumwa" mtu mmoja akacheka, akidhani ndiyo nimeanza vituko. Nikarudia mstari. Akaacha.

Halafu Bi Hamisa akasema, "Kwa hiyo mie nilishusha mkono wangu kwa maigizo, Hija?" Nikamwambia ndiyo, Bi mkubwa. Akasema, "Tumekaa jirani tangu tunaoa na kuolewa." Akakaa. Mheshimiwa Talha akanijia, akaniambia kwa chinichini, "Mzee, umeniharibia, fulana zimeshachapwa." Nikamwambia azivae yeye. Hilo nakubali lilikuwa la utani, lakini sikulisema kwa jina lako.

Wakapiga kura upya. Zimepita fremu. Mheshimiwa kasema hata yeye siku zote moyo wake ulikuwa kwa wajasiriamali. Kimebaki kikao kimoja cha kata, mwezi wa sita, cha kupitisha, na wananchi wanaruhusiwa kusema. Baada ya hapo ni msingi na tofali.

Vijana hawanisalimii. Tupokigwe ananisalimia, kwa sababu kafundishwa kwao, lakini ananiangalia kifua tu.

Nimeandika mpaka hapa nikaiweka kalamu, nikaenda kunywa chai. Chai haikuwa na ladha. Nimerudi.

Kulikuwa na swali lako la Februari ambalo nililikwepa. Uliuliza wanachezea wapi. Nikakuandikia wametulia. Hawajatulia, Mwalimu. Wapo kule kule mteremkoni. Lami ni laini, na Temeke nzima hakuna pengine. Wanaweka mmoja chini pale kona ya fundi baiskeli, akiona gari kubwa anapiga mluzi. Sikukuambia kwa sababu nilidhani nitaleta uwanja kwanza, halafu nikuambie kwa pamoja, liwe limeshakwisha. Ndiyo maana nilipanda lile benchi. Uongo sitaki: nilipanda pia kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na mie nikitazamwa sijui kunyamaza. Kote nilikofika sijajifunza. Lakini mteremko nilikuwa nauona, Mama Allen. Kila nikisikia mluzi nakuwa nimesimama mlangoni na sijui nimefikaje.

Jana Tupokigwe ndiye aliyekuwa anashuka wa mbele. Nilimwita. Hakusikia, au alisikia.

Sikuandikii ubadilishe neno lako. Umesema hapana, nimeisoma, watu wote wameisikia na imeandikwa. Nakuandikia kwa sababu uliuliza, na wewe ndiye mwenye haki ya kujibiwa kuliko wote.

Hija

*

Ndala.
17 Mei 2025

Hija,

Barua nimeisomea ofisi ya basi, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye mluzi nikakaa chini, sakafuni. Kijana wa mizigo akaniletea maji. Niliyanywa yalikuwa baridi. Nakuandikia hili kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichokisikia tangu Januari, ubaridi wa maji.

Ungenijibu Februari.

Sijabadilisha neno langu, jina siwapi. Watakaopita pale wataliona ukutani, watalizoea, watasema tukutane Allen, nimeisahau simu Allen, Allen leo pamejaa. Siwezi. Lakini ukinisoma vizuri, sikuandika popote kwamba watoto wasijengewe. Mmeambiwa mama hataki jina, mkasikia mama hataki uwanja. Diwani amesikia anachotaka, mwenyekiti vilevile, na wewe kwa kunionea aibu ukanyamaza siku uliyotakiwa kusema.

Nakuja kwenye hicho kikao cha kata. Nimemwambia mama, ameanza kunifungia karanga. Nitamfuata kwanza Bi Hamisa nyumbani kwake, kabla ya kikao, nikakae naye. Upande wa barabara patoshe kibanda chake chenye bati, na wengine kama yeye. Nyuma, zege. Asipotaka nitamsikiliza, maana goti ni lake. Kisha nitawaambia wale wakubwa yaliyotokea mteremkoni, mara moja, kwa sauti hii niliyo nayo. Haitawatoa watu machozi. Sidhani nitalia mimi wala wao. Nitasema, nitakaa.

Wanaweza kukataa. Wakikataa nitakuwa nimesema mimi.

Fungua dirisha la chumba, kipate hewa. Tupokigwe mwambie nimesema asishuke ule mteremko mpaka nifike, na kwamba hili ni agizo la mwalimu, si ombi.

Nisubiri stendi ya Mbezi, nitakutumia siku kwa kondakta. Watakuuliza nakuja kusema nini, na wewe unajua, nimekuandikia. Usiwaambie. Waambie mwenyewe anakuja.

Demetria